Mahindi makavu, Klingon na kamati ya Kiluyia

Haya wasomaji, leo tuweke kando mambo ya seva na tuzungumze kuhusu vivumishi. Ndiyo, vile vivumishi vya sifa ambavyo mwalimu wa Kiswahili alitukaririsha darasani: -zuri, -baya, -refu, -fupi. Msikimbie. Hadithi hii ina kompyuta ndani yake, ina wageni wa sayari nyingine, na ina mahindi.

Nianze na mahindi. Kwa muda sasa nimekuwa nikiandika programu ndogo ya simu kwa ajili ya wauzaji wa nafaka walio kati ya Busia na Malaba, upande wetu wa Kenya. Ni kitu chepesi: mtu anaingiza idadi ya magunia, bei, aliyemuuzia, na hali ya mzigo. Hiyo safu ya "hali" ndiyo iliyonileta hapa. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu ya aflatoksini isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu hiyo, na aliyekuwa mpakani wakati ule anajua malori yalivyopanga foleni. Kwa hiyo neno "makavu" kwenye simu ya mama anayenunua magunia kumi si pambo. Ni pesa yake, na pengine ni afya ya mtu atakayekula ule ugali.

Wateja wangu wanataka programu iongee lugha zao: Kiswahili, Kiluyia cha upande huu (Lukhayo, Lumarachi, Lusamia) na Kiteso. Mwendeshaji yeyote wa programu angefikiri kama mimi: tengeneza jedwali, safu moja iitwe "kivumishi", kila lugha ijaze neno lake, kazi imekwisha. Lakini kabla ya kuandika jedwali nikaanza kuuliza kivumishi ni nini hasa, na jibu likanipeleka mbali. Waliolifikiria swali hili kwa undani kuliko wengi ni watu wanaobuni lugha. Mtu anayerithi lugha hahitaji kuamua kama kivumishi ni aina ya neno inayojitegemea. Anayebuni hana budi kuamua, tena mapema, maana kila sentensi itakayofuata itauzingatia uamuzi huo.

Padri wa Kijerumani Johann Martin Schleyer alibuni Volapük mwaka 1879. Kwake kivumishi kilikuwa aina yenye muhuri wake: chukua nomino, bandika -ik. Gud ni wema, gudik ni -ema. Miaka minane baadaye, 1887, daktari wa macho wa Warsaw, L. L. Zamenhof, akatoa Esperanto na kanuni zake 16. Humo nomino zote huishia -o na vivumishi vyote huishia -a. Maizo ni hindi, seka ni -kavu. Seka maizo, hindi kavu. Muhuri wazi kabisa. Ukiliona neno hujalijua maana, tayari unajua ni la aina gani. Mtu wa kompyuta angesema lugha hii ina aina za data zilizotangazwa wazi.

Halafu Zamenhof akaongeza jambo moja lililozua ubishi mpaka leo. Kivumishi kifuate nomino yake kwa wingi na kwa uhusika: sekaj maizoj, mahindi makavu. Ile -j ya wingi inasemwa mara mbili. Wazungu wengi waliojifunza waliona huo ni mzigo usio na faida. Ukishasema nomino iko katika wingi, ya nini kurudia? Mwaka 1894 Zamenhof mwenyewe aliwapelekea wasomaji wa gazeti la La Esperantisto mapendekezo ya mageuzi, na kuondoa upatanisho huo kulikuwa mojawapo. Wengi wakakataa. Mwaka 1907 likatokea kundi lililojitenga na kuunda Ido, na humo kivumishi kikafunguliwa pingu: bona libro, bona libri, neno bona halibadiliki hata vitabu vikiwa elfu.

Mswahili akisoma ubishi huo anatabasamu. Sisi tunasema vitabu hivi vizuri viwili vimepotea, "vi" mara tano katika maneno matano, na hakuna aliyewahi kwenda hospitali.

Wengine walikwenda njia nyingine kabisa. Lojban, iliyotokana na Loglan ya James Cooke Brown (1955) na kuanzishwa rasmi 1987, haina nomino wala kivumishi wala kitenzi kama aina tofauti. Kila mzizi ni uhusiano wenye nafasi za kujazwa. Sudga maana yake ni "kitu cha kwanza ni kikavu, hakina kimiminika cha pili". Yaani lugha yenyewe inakuwekea nafasi ya kutaja kikavu kwa kukosa nini. Maji? Mafuta? Mkaguzi wa nafaka angeipenda. Toki Pona, aliyoibuni Sonja Lang mwaka 2001 kwa maneno kama 120 tu, haina hata neno la -kavu. Utasema pan pi telo ala, nafaka isiyo na maji, na neno lolote linalofuata jingine huwa sifa yake.

Na Klingon, lugha ya wale wapiganaji wa Star Trek, ambayo Marc Okrand aliitolea kamusi mwaka 1985? Humo vivumishi havipo. Kuna vitenzi tu. tIn ni kitenzi, "kuwa kubwa". Kikitangulia nomino, ni sentensi: tIn Duj, chombo ni kikubwa. Kikiifuata, ni sifa: Duj tIn, chombo kikubwa. Okrand alitaka lugha isikike ngeni kwa masikio ya Wamarekani, akatafuta mipangilio ambayo Kiingereza hakina.

Sasa njoo Malaba.

Ukitoka Busia kwa barabara inayopita Alupe, ni kilomita 30 hivi tu, lakini umehama kutoka familia moja ya lugha hadi nyingine. Kiteso ni lugha ya Kiniloti, hakina undugu na Kiluyia wala Kiswahili. Kitenzi hukaa mwanzo wa sentensi. Epol etogo: nyumba ni kubwa. Na ukitaka kusema nyumba kubwa, etogo lo epol, nyumba ambayo ni kubwa. Epol ni kitenzi, "ni kubwa", kama vile ejok ni "ni nzuri". Ili kitenzi hicho kiwe sifa unakipitisha kwenye kiungo cha "ambayo", na kiungo hicho ndicho kinachobeba jinsia: lo kwa ya kiume, na kwa ya kike. Aberu na ejok, mwanamke mwema.

Linganisha na Duj tIn. Mpangilio ambao mtu wa Marekani aliuunda ili uonekane wa sayari nyingine, bibi wa Amukura anautumia akinunua sukuma wiki. Nilicheka peke yangu siku hiyo.

Ukirudi Busia, kwa Wakhayo, Wamarachi na Wasamia, umerudi kwa Zamenhof, tena Zamenhof aliyezidisha. Kivumishi cha Kiluyia huvaa nguo ile ile ya nomino: omundu omulayi, mtu mwema, abandu abalayi, watu wema. Kimuundo kivumishi kinakaribia kuwa nomino ya pili iliyoandamana na ya kwanza. Na hapa ndipo penye historia ambayo naona hatuisimulii vya kutosha, kwa sababu huku kwetu kuliwahi kuwa na jaribio la kweli la kubuni lugha, si kwenye sinema.

Kwanza mpaka wenyewe. Hadi 1902 eneo lote hili lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza walihamisha mkoa wa mashariki wa Uganda ukawa sehemu ya himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na mstari wa upande huu ukawapasua Wasamia na Wateso katikati. Wamisionari nao waliugawa upande wa Kenya kwa namna yao. Marafiki, wale Wakweka wa Kaimosi, waliandika Lulogooli, na Agano Jipya la Lulogooli likatoka 1925. Kanisa la Mungu liliandika Lunyore. Waanglikana wa CMS walikuwa na lahaja yao ya vitabu, Wakatoliki wa Mumias yao. Hata jina la pamoja, Abaluyia, lilipata nguvu miaka ya 1930 tu, wakati vijana wa vyama vya siasa vya North Kavirondo, wakiwa na hofu ya kupoteza ardhi baada ya dhahabu kupatikana Kakamega, waliona kwamba vikabila kumi na kitu vikisema kwa sauti moja vitasikika zaidi.

Sauti moja inataka lugha moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiluyia. Arkidikoni Owen wa CMS aliunga mkono, na mwanaisimu wa kamati alikuwa mmisionari Lee Appleby. Kazi ilikuwa kuchota kutoka lahaja zote na kupata Kiluyia kimoja cha vitabu, shule na kanisa. Appleby alikusanya msamiati, akaandika sarufi, ambayo toleo lake la 1961 bado linatajwa na wanaisimu. Lugha hiyo iliegemea zaidi lahaja za kati. Mama wa mtu yeyote hakuizungumza vile ilivyoandikwa. Ilikuwa lugha ya kubuni kwa maana hiyo: mbao zote za kweli, nyumba ya kuchorwa.

Wamaragoli walijitoa. Wabukusu walipinga. Biblia ya Kiluyia ilikuja kuchapishwa miaka ya 1970, lakini lugha moja ya wote haikupatikana.

Wanahistoria wanaeleza hayo kwa siasa: madhehebu, ardhi, nani atawale nani, kumbukumbu za Wawanga na ukubwa waliopewa na Waingereza. Naamini wako sahihi. Ila mimi ni mtu wa kuangalia data, na ninaona sababu ndogo ya kiufundi iliyoichochea ile kubwa. Chukua maneno mawili, kitabu kizuri. Mbukusu: sitabu silayi. Mwanga: eshitabu eshilayi. Mmaragoli: kitabu kilahi. Mzizi wa sifa ni karibu ule ule, -layi au -lahi. Mzizi wa nomino ni mmoja. Kinachotofautiana ni kiambishi, si-, eshi-, ki-, na kiambishi ndicho kinachorudiwa kwenye kivumishi, kwenye "hiki", kwenye kitenzi. Kwa Kiingereza lahaja mbili zikitofautiana neno moja, msomaji anajikwaa mara moja. Kwa Kiluyia kamati ikichagua eshi-, Mmaragoli anajikwaa kwenye nomino, anajikwaa tena kwenye kivumishi, anajikwaa tena mbele. Kila sentensi inamkumbusha mara tatu au nne kwamba kitabu hiki kiliandikwa na jirani. Hata tahajia ya jina, Luhya au Luyia, haijawahi kukubaliwa na wote.

Mtu atasema: mbona Kiswahili kilifanikiwa? Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya maeneo manne (Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar) ikaanza kazi 1 Januari 1930. Watu wa Mombasa waliudhika, na haki yao. Kulikuwa na serikali nne nyuma yake, hilo halina ubishi. Lakini angalia pia kwamba Kimvita na Kiunguja vinapigania mato na macho, ndoo na njoo. Kitabu kizuri ni kitabu kizuri pande zote mbili. Ule uzi unaorudiwa haukuguswa sana.

Tena Kiswahili kilikuwa na mlango wa nyuma ambao hakuna kamati iliyoujenga. Vivumishi vyake vya Kibantu ni vichache, makumi machache: -kubwa, -dogo, -pya, -kali, -zito, -kavu, -bichi, na wenzao. Lugha yenye vivumishi vichache huwa inavitunza kwa mambo yale yale, ukubwa, umri, rangi, wema na ubaya, mwanaisimu R. M. W. Dixon aliliandikia jambo hilo makala maarufu mwaka 1977, akitoa mfano wa Kiigbo chenye vinane tu. Mengine yote tunayasema kwa njia za pembeni: mwenye nguvu, ya mbao, amechoka. Na biashara ya pwani ikatuletea kundi lingine: safi, ghali, rahisi, bora, duni, halali, kamili, muhimu. Haya hayavai sare. Mahindi safi, gunia safi, watu safi. Ni vivumishi vya Ido, karne nyingi kabla ya Ido. Na tazameni ni maneno ya nini: ubora, bei, uhalali. Maneno ya sokoni.

Kwa hiyo nikisikia pale Malaba "mahindi mzuri" badala ya "mahindi mazuri", siwezi kukunja uso kama mwalimu wangu wa zamani. Mteso, Mkhayo na dereva wa lori kutoka Kampala wanahitaji sifa isiyowabana, na wamefanya waliyofanya Waido. Mtihani wa Kiswahili utawanyima alama, hilo nalo ni kweli, na watoto wao ndio wanaoufanya.

Turudi kwenye programu, wale mliokuja kwa ajili ya kompyuta. Tangu timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kila anayetafsiri programu kwa Kiswahili hukutana na shida hii: Kiingereza kinatoa kiolezo cha neno "mpya" na nafasi tupu ya nomino, kwa sababu neno lao halibadiliki. Kwetu ni jina jipya, kitabu kipya, ujumbe mpya, vitabu vipya, majina mapya. Esperanto ingeweza kutumia kiolezo kile kwa umoja, ikakwama kwenye wingi. Kiteso hakiwezi kabisa, maana mahali pa kivumishi panahitaji kitenzi na kiungo chenye jinsia.

Safu ya "kivumishi" imeondoka kwenye jedwali langu. Badala yake kila bidhaa ina ngeli yake kwa kila lugha (mahindi ni YA, maharagwe ni YA, mchele ni U, mtama ni U), na kila hali ina namba: 1 ni kukauka, 2 ni ubichi, 3 ni usafi, na kadhalika. Kila lugha ina kifungu kidogo cha msimbo kinachopokea ngeli na namba, kisha kinatoa maneno. Cha Kiswahili kinajua kwamba -kavu huvaa kiambishi na safi haivai. Cha Kiteso hutoa sentensi, kitenzi mbele. Na katika Kiswahili nimetenga "makavu" na "yamekauka", kwa sababu wauzaji wenyewe wanatenga: la kwanza ni jinsi mahindi yalivyo, la pili linadokeza kwamba yalikuwa mabichi na mtu ameyaanika, na mnunuzi atauliza yalianikwa wapi, chini ama kwenye turubai.

Upande wa Kiluyia nililazimika kuchagua msimbo wa lugha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3, kilichotoka 2007, kinaipa Kiluyia msimbo mmoja wa jumla, luy, kisha chini yake kinaorodhesha lahaja moja moja kama lugha: lsm Kisamia, lko Lukhayo, lri Lumarachi, lwg Luwanga, bxk Lubukusu, rag Lulogooli. Jina moja juu, misimbo mingi chini. Afrihili, lugha ambayo Mghana K. A. Kumi Attobrah aliibuni na kuichapisha 1970 kwa kuchanganya Kiakan, Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika, nayo ina msimbo wake, afh, ingawa sijawahi kukutana na anayeizungumza.

Nimeweka lsm, lko, lri, teo na sw. Menyu ya simu nyingi zinazouzwa Busia ina sw peke yake katika hizo tano, kwa hiyo lugha inachaguliwa ndani ya programu, kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya kuulizwa magunia ni mangapi.